Walioshuka Barabara ya Kumi na Moja

Ukitaka kumjua mtu wa Tanga miaka ile, hukuhangaika kuuliza ukoo wake wala kazi yake. Ulimtazama mapaja. Mwenye mapaja alipishwa njiani, alipangiwa nyumba yenye upepo kule Raskazone, na alisalimiwa kwa unyenyekevu hata na waliomchukia. Mwantumu Shekolowa, msomaji wa orodha katika Mamlaka ya Mwendo, alikuwa amekaa na watu wa mapaja kwa miaka kumi na minne, na mpaka siku hiyo hakuwa amemsikia hata mmoja wao akisema neno la kumfanya mtu aache kutafuna.

Asubuhi ile ya Jumatano walikuwa wamejaa ofisini na kaptura zao za kubana, wanapigana makofi ya mgongoni. Mkurugenzi wao, Mhando, alikuwa amekalia meza ilhali viti vipo, maana kiti kinaficha mapaja. Alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuwahi kubeba kitu kwenye keria ya baiskeli tangu azaliwe.

"Mama Mwantumu, orodha imetoka," alisema, akamsukumia kibao cha kioo. "Mia tatu na kumi na wawili. Nataka dole lako Ijumaa saa tatu. Usinicheleweshe, nina mazoezi."

"Nitaisoma kwanza."

"Soma. Ndiyo kazi uliyobakiza hapa mjini."

Wenzake wakacheka. Mwantumu hakuwatazama. Alikwisha kuzoea kicheko chao kama mtu anavyozoea mbu. Hupigani nao, unajifunika tu. Akakibeba kibao mpaka kwenye meza yake ya pembeni na kuvaa miwani.

Mji ule uliishi kwa miguu. Mafuta yalikwisha zamani, magari yakageuzwa mabanda ya kuku, na kila baiskeli ikafungwa kwenye habu, kitovu cha gurudumu la nyuma, dinamo na betri ya ukubwa wa ngumi. Mchana mtu alizungusha. Jioni alichomeka baiskeli ukutani kwake, na umeme ule ndio uliovuta maji visimani na kupoza dawa hospitalini. Habu ilipima nguvu ya mguu, pumzi, na mapigo ya moyo. Baiskeli ikisimama, ilimwuliza mpandaji wake kwa sauti ya upole, "Kulikoni?" Jibu lilipelekwa kwa Mizani, mashine iliyokaa chini ya jengo la Mamlaka ikijumlisha maisha ya watu.

Kila baada ya miezi sita Mizani iliwataja mia tatu na kumi na wawili waliochoka kuliko wote, kwa kuwa visima, walisema wataalamu, haviwezi kunywesha wasiozungusha. Magurudumu ya hao yalikazwa yasizunguke tena. Walipandishwa mikokoteni ya kuvutwa na baiskeli nane nane, wakapelekwa Tulizeni, huko bara, kupumzika. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka mapumziko hayo. Orodha haikuwa halali mpaka itiwe dole, alama ya kidole gumba, na binadamu mmoja aliyeisoma. Sheria ilimwita binadamu huyo jicho la utu. Watu wa mapaja walimwita Mama Dole.

Jina la kumi na nne lilimsimamisha: Sikudhani Mbwego, muuza mikate, Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Jina lilikuwa palepale. Saa moja tu iliyopita alimwona Sikudhani kwa macho yake akipanda daraja la juu la reli, mikate sitini nyuma, amesimama juu ya pedeli huku anagombana na mtu aliyemkatizia njia. Mtu aliyechoka hagombani akiwa anapanda mlima.

Akafungua safu zake. Nguvu: juu. Pumzi: safi. Moyo: kama wa punda. Kisha safu ya mwisho, ile iliyoitwa Kukiri. Mara mia mbili na sita kwa miezi sita, Sikudhani alikuwa ameiambia baiskeli yake neno lilelile: "Nimeshuka." Na Mizani ilifundishwa kwamba habu inaweza kuharibika, pumzi inaweza kudanganya, lakini mtu akikiri kwa kinywa chake hakuna ushahidi wa kushinda huo.

Mwantumu akapitia majina mengine. Mia mbili na tisini walikuwa wa Barabara ya Kumi na Moja. Wote walikuwa wamekiri, na wote kwa neno hilohilo.

Alikwisha kujua, ila hakutaka kujua, kwa hiyo akapanda baiskeli kwenda kuhakikisha, kama mtu anayefunua sufuria ambayo harufu yake imeshamfikia.

*

Barabara ya Kumi na Moja ndiyo iliyokwenda makaburini. Hilo kila mtu wa Ngamiani alilijua, na kila mtu wa Mamlaka alikuwa na uhuru wa kutolijua. Mwantumu alifika saa nne, akamkuta Sikudhani akipanga mikate nje ya duka, na kabla hawajasalimiana kilio cha mbali cha "La ilaha illallah" kikasikika kikija.

Jeneza lilikuja kwa mwendo wa kasi, begani kwa wanaume, kitambaa cha kijani juu. Barabara ilikuwa imejaa baiskeli za watu wa sokoni, mafundi, walimu, mama mmoja na pipa lake la maziwa. Hakuna aliyewaamuru. Wote walishuka, wakashika usukani kwa mkono mmoja, wakainamisha vichwa. Wanaume kadhaa waliegemeza baiskeli zao ukutani, wakakimbia kupokezana kubeba, hatua kumi, ishirini, kisha wakarudi.

Na baiskeli zile zote, zenye adabu ya mashine, zikauliza kwa pamoja: "Kulikoni? Kulikoni? Kulikoni?"

"Nimeshuka," alijibu mwenye maziwa kwa sauti ya chini.

"Nimeshuka," alisema mwalimu.

"Nimeshuka, nyamaza," alisema Sikudhani.

Baiskeli ya Mwantumu nayo ikamwuliza. Alikuwa ameshuka kama wenzake, mguu wake ulijishusha wenyewe kabla hajafikiri. Akaangalia kulia na kushoto, kisha akaiambia, "Nimesimama." Alijidharau hata kabla neno halijamtoka, lakini lilitoka.

Jeneza lilipopita, Sikudhani akageuka. "Shikamoo, Da Mwantumu. Umepotea njia leo?"

"Marahaba. Aliyefariki ni nani?"

"Simjui. Nasikia ni mtu wa Chumbageni."

"Humjui, na umeshuka?"

"Maiti huulizwa kitambulisho?" Sikudhani alicheka kidogo, akaendelea na mikate yake. "Siku nyingine wanapita watatu. Mikate inapoa, lakini utafanyaje? Utapita na matako yako juu ya siti mtu anakwenda zake kaburini?"

"Na wale wa Raskazone, wakipita hapa wakakuta jeneza?"

"Wale hupiga kengele."

Mwantumu aliwaona akilini mwake, msafara wa kaptura, kengele zinalia nyuma ya maiti ili maiti apishe. Hao ndio Mizani iliowaita wenye nguvu, kwa kuwa hawakuwahi kushuka kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa.

Aibu yake haikuishia kwao, na alilijua hilo. Kabla ya Mamlaka, Mwantumu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Shule ilipofungwa, alichukuliwa kuifundisha Mizani lugha. Walimpa maneno elfu mbili ayaeleze, na kila neno lilikuwa na kisanduku kimoja tu cha maana, kwa sababu waliounda mashine ile walitoka mahali ambapo, kwa maoni yao, neno moja hutosheka na maana moja. Alipofika kwenye "shuka", alijua kwamba mtu hushuka kutoka kwenye baiskeli, na kwamba mtu hushuka pia hali au cheo. Mtoto wa Tanga huijua maana ya kwanza kabla hajaota meno ya pili. Lakini yeye alikuwa mgeni ofisini, ofisi ilipenda maneno mazito, akaona haya kuandika jambo la kitoto. Akaandika: kupungukiwa na nguvu au daraja. Akapiga mstari, akaendelea na "shukrani".

Mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wake wangekosea hivyo angewachapa.

*

Alhamisi asubuhi alimkuta Mhando akipakwa mafuta ya misuli na karani. Akamweleza yote akiwa amesimama: neno, kisanduku, jeneza, makosa yake. Hakupunguza kitu. Alipomaliza, Mkurugenzi alimwashiria karani ahamie mguu wa pili.

"Kwa hiyo unaniambia hawa watu hawajachoka."

"Hawajachoka. Wana adabu."

"Adabu haivuti maji, mama."

"Na kengele inavuta?"

Karani akakohoa. Mhando akamtazama Mwantumu kama anayetazama pancha. Hakuwa mkali, watu wa namna ile hawahitaji ukali. Akashuka mezani, akajifuta kwa taulo, akamwendea karibu mpaka Mwantumu akasikia harufu ya mafuta ya mkaratusi.

"Sikiliza. Mimi si katili. Kama neno limekosewa, lirekebishe, una ruhusa yangu. Hao wa Barabara ya Kumi na Moja watoe wote, wabaki na mazishi yao. Lakini Ijumaa saa tatu nataka majina mia tatu na kumi na mawili. Utayatoa wapi, si neno langu. Visima havijui Kiswahili."

"Na waliokwisha kwenda? Miaka kumi na minne, orodha ishirini na nane."

"Waliokwenda wamekwenda. Unataka nikawaombe radhi kwa baiskeli?" Akacheka, akamgeukia karani apate mshirika wa kicheko, akampata. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwalimu. Si mlitufundisha wenyewe?"

Nyani haoni kundule, alitaka kumjibu, lakini methali ilikuwa nzuri mno kwa mtu yule. Akatoka.

*

Kulirekebisha neno kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Alifuta mstari wake wa zamani, akaandika: kutoka juu ya baiskeli kwa hiari, mara nyingi kwa heshima. Mizani ikafikiri. Ikavuma chini ya sakafu kama jiko la mkaa linalopulizwa. Kisha ikamletea orodha mpya.

Mwantumu aliusoma ukurasa wa kwanza, akahisi furaha mbaya ikimpanda kifuani. Walikuwa wao. Jina la kwanza lilikuwa la shemeji yake Mkurugenzi, mtu mwenye mapaja ya kupigiwa picha. La pili, la tatu, la saba: wote Raskazone. Kukiri kulipoondolewa, Mizani ilibaki na nguvu tupu, na nguvu tupu ilionyesha kwamba mabwana wale waliendesha kwa makundi, kila mmoja akijificha upepo mgongoni mwa mwenzake, wakipokezana uvivu mpaka mji mzima ukaudhani ni mwendo. Mapaja walikuwa nayo, ila walikuwa wakiyafuga kama kuku wa mapambo.

Alicheka peke yake, akafunika mdomo. Angeweza kutia dole saa ileile. Akawaza mikokoteni ikipakiwa kaptura, shemeji mtu akiuliza kama Tulizeni kuna kioo cha kujitazamia. Mwaka mzima angelala vizuri kwa picha hiyo moja.

Akafungua ukurasa wa pili, na wa tatu. Kwenye ukurasa wa nne mabwana wakaanza kuadimika. Akakuta mama aliyejifungua mwezi uliopita. Akakuta mkunga mstaafu wa Makorora, miaka sabini na mmoja. Akakuta fundi aliyevunjika nyonga akijenga kisima kilekile walichosema hakiwezi kumnywesha. Kwenye ukurasa wa sita akamkuta Kilua, mhudumu wa ofisi mwenye pumu, aliyekuwa amemletea chai ile nusu saa iliyopita na kumwuliza kama sukari imekolea.

Akakiweka kibao chini.

Hapo ndipo alipokaa mpaka jua likahama dirishani. Orodha ya kwanza ilikuwa uongo, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angeitia dole. Ya pili ilikuwa kweli tupu. Kilua kweli alikuwa na pumu. Mkunga kweli alikuwa mzee. Wale mabwana kweli walikuwa wavivu. Mizani sasa ilielewa Kiswahili sawasawa, na ilikuwa inawapeleka watu kulekule. Miaka yote hii alijiona mwema kwa kuwadharau waliokaa juu ya meza, akadhani dharau ni aina ya ukaidi. Haikuwa imemzuilia dole hata mara moja.

Alijaribu kuchagua. Lazima isemwe, maana asingetaka ifichwe: alichukua kalamu, akajaribu kuwaacha mabwana na kumtoa Kilua, kumtoa mama wa mtoto, kutafuta wengine wa kujaza nafasi zao. Alimpata bwana mmoja mlevi wa Mabawa, akaandika jina lake, akaona mkono wake umeandika vizuri, hati ya kialimu, herufi zimelala upande mmoja. Akalikata.

*

Ijumaa saa tatu Mhando alikuja na watu wawili wa kukaza magurudumu, tayari kwa kazi.

"Dole, mama."

"Sitii."

"Kwenye ipi?"

"Zote mbili. Ya kwanza nimeifuta. Ya pili ipo hapo, shemeji yako ameongoza."

Mhando alisoma mistari mitatu, uso ukamkunjamana. Akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyemo chumbani. "Unajua msomaji asiyetia dole anaitwaje."

"Anaitwa aliyechoka. Naijua sheria. Niliisahihisha tahajia. Orodha bila dole ni karatasi, na msomaji mpya hufundishwa siku tisini."

"Siku tisini tu."

"Tisini."

"Na baada ya hapo? Watakwenda vilevile. Umewapa miezi mitatu na umejinyima maisha. Hesabu ya kizee kabisa hiyo."

Mhando alikuwa amesema kweli, na iliuma kuisikia ikitoka kwenye kinywa kile. Alichukua mkoba wake na miwani. Alipofika getini, gurudumu la baiskeli yake lilikuwa limekwisha kukazwa. Akaiacha imeegemea ukuta, ikimwuliza kulikoni, akaenda kwa miguu. Wenye kaptura walimpita barabarani wakipiga kengele.

Alitembea karibu saa nzima. Sikudhani alikuwa mlangoni, anafunga mikate ya mchana kwenye keria kwa kamba ya mpira. Mwantumu alimweleza akiwa bado anahema. Safari hii pia hakupunguza kitu: neno, kisanduku, orodha ya kwanza, ya pili, dole.

"Kwa hiyo hatuendi," alisema Sikudhani.

"Hamuendi. Miezi mitatu. Baadaye sijui, lakini sasa watu wanaweza kujua, mkawaambia wengine, mkafanya jambo."

"Alhamdulillahi." Sikudhani aliketi kwenye kizingiti. Akajifuta unga mikononi, kidole kimoja kimoja. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya sukari, "Neno hilo uliifundisha mashine lini?"

"Mwaka wa kwanza. Miaka kumi na minne sasa."

"Kaka yangu Mwinjuma walimchukua mwaka wa pili. Alikuwa fundi seremala, anabeba mbao kwa baiskeli mpaka Pongwe. Tulikuwa tumemzika mama. Miezi ile kila alipopita makaburini alishuka, asubuhi akienda, jioni akirudi. Tulishangaa wakisema amechoka. Tukasema labda ni huzuni, huzuni nayo huchosha." Akakung'uta unga gotini. "Jina lake ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Ukatia dole."

"Nikatia."

"Yu hai?"

Mwantumu alikuwa amesoma nguvu za watu, pumzi zao, mapigo ya mioyo yao, maneno waliyowaambia watoto wao wakiwa njiani. Aliwajua waliokwenda kwa maelfu, kila mmoja kwa namba yake. Akatafuta kichwani mwake mahali ambapo jibu la swali lile lingeweza kuandikwa.

"Hatukuwa na safu ya hilo," alisema.

Sikudhani alimtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na Mwantumu angeipokea hasira kwa mikono miwili. Yalikuwa macho ya mtu anayetazama kitu kilichoanguka njiani, akiona kwamba si cha kuokotwa. Mwantumu aliyajua macho yale vizuri, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa amewatazama wengine nayo.

"Mikate inapoa," alisema Sikudhani. Akapanda baiskeli, akaenda zake.